Ridhaa ya Lizombe

Kuta ziliamka saa tatu asubuhi. Kwanza ardhi ya ukingoni mwa Mto Ruvuzi ilitetemeka kidogo, kama inavyotetemeka lori zito likipita jirani, kisha vipande vya zege nyeusi, kila kimoja kirefu kama nyumba ya ghorofa mbili, vikachomoza kutoka kwenye udongo na kusimama wima. Halafu vikaanza kutembea. Vilikwenda polepole kwa miguu mifupi ya chuma, vikishikana mabega, mpaka vikakutana na mto uliokuwa umefurika kuelekea sokoni. Maji yalizigonga zile kuta, yakarudi nyuma kwa povu, yakazunguka yakitafuta upenyo. Hayakuupata. Yakageuka, yakafuata njia yaliyoonyeshwa, yakaingia katika shamba tupu la jiji.

Watu waliokuwa juu ya daraja walipiga makofi. Mkurugenzi wa Jiji la Ruvuzi alivua miwani akafuta macho. Karibu naye alisimama Mhandisi Nakunda Mnzava, mwanamke mwembamba aliyetimiza miaka ishirini na tisa juma lile, na yeye hakupiga makofi kwa sababu mikono yake ilikuwa imefunika mdomo.

Kuta-hai, kama zilivyoitwa, zilikuwa fahari ya jiji. Lakini kila aliyezielewa alijua mpaka wa uwezo wake. Miaka ile mvua ya mwezi mzima ilikuwa ikishuka katika mchana mmoja. Misitu ya juu ilikuwa imekwisha, na mto ulikuwa umesahau njia zake. Kuta-hai ziliweza kuamua maji yaende wapi, ila maji yenyewe yalikuwa lazima yaende mahali. Shamba lile tupu lilitosha kwa mafuriko madogo tu. Mafuriko makubwa yakija, ingebidi mtaa mmoja uyabebe ili mitaa mingine ishirini ipone.

Nani aubebe mzigo huo? Madiwani walibishana juu ya swali hilo kwa miaka miwili. Mwishoni walipitisha sheria ndogo: hakuna mtaa utakaopelekewa maji bila ridhaa ya watu wake. Mtaa utakaokubali utajengewa nyumba mpya mlimani, na watu watahamishwa kabla ya mvua za masika.

Nakunda ndiye aliyebuni chombo cha kuipata ridhaa hiyo. Kiliitwa Sikizi. Kwa macho kilikuwa mlingoti mwembamba tu wenye utando juu yake, mfano wa ngozi ya ngoma, na kila mtaa ulisimikiwa wake. Watu wakikusanyika kwenye baraza, Sikizi ilizisikia sauti zote kwa pamoja na kuzitenganisha moja moja, ikajua ni nani aliyesema ndiyo, nani aliyesema hapana, nani aliyenung'unika nyuma. Haikuhitaji mtu kunyoosha mkono wala kuandika jina. Bibi aliyeogopa kusimama mbele ya wanaume angeweza kunong'ona kutoka pale alipoketi, na mnong'ono wake ungekuwa na uzito uleule wa hotuba ya diwani.

Na Nakunda aliweka ndani yake kitu kimoja zaidi, ambacho alikipenda kuliko vyote. Alikiita kifuli cha wananchi. Bibi yake mzaa baba, kule Upareni, alinyang'anywa shamba la tangawizi kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji ambao haukuwahi kufanyika. Nakunda alikua akiisikia habari hiyo. Kwa hiyo alihakikisha kwamba watu wakishasema neno lao mbele ya Sikizi, hakuna afisa, mkurugenzi wala mhandisi atakayeweza kulibadilisha. Wao wenyewe tu ndio wangeweza, wakikusanyika tena sitini au zaidi chini ya mlingoti wao na kusema vingine.

"Umetunyang'anya funguo," Mkurugenzi alimwambia siku alipoeleza jambo hilo, akitabasamu.

"Ndiyo, mzee," Nakunda alijibu. "Hilo ndilo lengo."

*

Baraza la Mtaa wa Lizombe lilifanyika Jumamosi. Wakazi wengi wa Lizombe walikuwa Wangoni, wajukuu wa watu waliokuja Ruvuzi kutafuta kazi za viwandani. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na Mtaa wa Idunda, wenye Wahehe wengi, na kwa kuwa mitaa hiyo miwili iligawana bonde moja, Idunda walimtuma mtu wao aje kusikiliza. Walimtuma Mzee Vitus Kihwele, fundi baiskeli mstaafu mwenye kofia ya sufu.

Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana vita vibaya sana, kisha wakabaki wakitaniana badala ya kuuana, kila mmoja akimwita mwenzake mateka wa vita, na Mngoni akitaniwa kuwa mla panya. Utani wao una sheria zake, na iliyo kubwa ni kwamba anayecheka kwanza ameshindwa. Kwa hiyo hutukanana kwa nyuso kavu, kwa sauti za watu wanaojadili mazishi, na wanaosikiliza nao hukaza nyuso ili wasimwangushe mtu wao.

Mwenyekiti wa mtaa, Leodgar Mapunda, alimkaribisha mgeni azungumze. Mzee Kihwele alisimama, akavua kofia.

"Mimi nimetumwa kuja kuwaonea huruma," alisema. "Tumesikia jiji linatafuta mahali pa kumwaga maji machafu. Tukasema, wanahangaika nini? Lizombe pako wazi, hakuna watu pale. Kuna Wangoni tu."

Kimya. Kwenye kiti cha mbele mwanamke mnene aliyeanza kuzeeka, Bibi Otilia Nyoni, muuza maandazi, alijifunga upya kanga yake na kuinuka taratibu.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Huyu mateka amefunguliwa kamba na nani? Mbona anatembea peke yake mchana kweupe?"

"Kamba imekatika, Bibi," Mwenyekiti Mapunda alijibu bila kupepesa jicho. "Nimeagiza nyingine."

"Haya. Mhandisi, mwanangu, sikia, na huo mti wako usikie. Maji yote yaleteni Lizombe. Yote! Hawa wa Idunda msiwaguse hata kwa tone. Mhehe hajazoea maji, akilowa anachubuka. Sisi tutayabeba. Shingo tunazo. Nyumba zikizama tutakaa juu ya mabati tule panya wetu kwa amani. Si ndivyo, jamani?"

"Ndivyo!" baraza zima lilijibu.

"Mnakubali?"

"Tunakubali!"

"Na panya wakizama?" Mzee Kihwele aliuliza.

"Utapiga mbizi utuletee. Mateka ana kazi gani nyingine?"

Pembe za mdomo wa Mzee Kihwele zilicheza. Aliinamisha kichwa akakohoa ndani ya kofia yake, na kila mtu wa Lizombe akajua kwamba ameshindwa. Hakuna aliyecheka hata hivyo. Kumcheka mgeni aliyeshindwa mbele ya macho yake ni kukosa adabu. Muda wa kusikiliza uliisha, Sikizi ikalia mara moja na kujifunga. Vicheko vilikuja baadaye, njiani, watu wakirudi majumbani wakishikana mabega.

Jambo lenyewe hawakuwa wamelizungumza kabisa. Kwa desturi yao baraza la kwanza ni la kukaribishana, na jambo zito haliguswi mgeni akiwa ameketi. Walilizungumza jioni kwenye vibaraza vyao, wakakubaliana kwamba katika baraza la pili watakataa.

Baraza la pili halikuitishwa. Sikizi haikulihitaji.

Nakunda alikuwa amekwisha kuifundisha Sikizi kutambua mzaha. Ndani yake kulikuwa na kichujio kilichotafuta vicheko. Sauti iliyofuatwa na kicheko ilipunguziwa uzito, na sauti iliyofuatwa na kimya ilihesabiwa kuwa ya dhati. Siku ile hakikusikika kicheko hata kimoja. Jumatatu alipofungua matokeo aliona Lizombe imekubali karibu kwa sauti moja. Alijua kwamba maneno ya mateka na kamba yalikuwa utani. Lakini yale mengine, kwamba sisi tutayabeba, kwamba wenzetu msiwaguse, aliyasikiliza tena na tena, na uso mzito wa Bibi Otilia ulimjia, na machozi yakamdondoka juu ya meza. Tangu chuoni alikuwa akiamini kwamba watu maskini wakiulizwa kwa heshima watajibu kwa ukarimu. Haya sasa, jibu alikuwa nalo mkononi.

Hakurudi kuuliza mara ya pili. Ingekuwa kama kuutilia shaka ukarimu wao.

Mwenyekiti Mapunda alifika ofisi za jiji mwezi uliofuata kuulizia baraza la pili. Karani wa mapokezi alimwambia kwamba maoni ya Lizombe yameshapokelewa na jiji linashukuru. Mapunda alikuwa amezoea serikali inayoshukuru na kusahau. Akarudi nyumbani akawaambia watu kwamba mambo yamekwisha.

*

Nyumba za mlimani, ambazo hakuna mtu wa Lizombe aliyeambiwa ni za nani, zilikuwa zimefikia msingi tu mvua kubwa ilipokuja. Ilikuja wakati wa vuli, miezi minne kabla ya masika, siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Katika chumba cha uongozaji wa kuta-hai, Nakunda alitazama kiwambo kikubwa chenye ramani ya jiji. Kule juu bwawa la zamani lilikuwa limejaa kupita kiasi, na maji yangefika mjini kabla ya saa kumi na moja jioni. Akili unde ya kuta ilikuwa imeshaamua. Mistari myeusi kwenye ramani ilikuwa ikijipanga upya, mmoja baada ya mwingine, na mlango uliobaki wazi ulielekea Lizombe.

Alipiga simu haraka. "Mwenyekiti Mapunda? Ni Nakunda wa jiji. Mmeshatoka wote?"

"Tutoke twende wapi, dada? Mvua hii?"

"Maji yanakuja kwenu. Ving'ora havijalia?"

"Vimelia. Tumejua ni majaribio kama yale ya siku zote." Kisha akauliza, "Kwetu kwa nini?"

"Kwa sababu mlikubali, Mwenyekiti. Kwenye baraza. Bibi Otilia alisema mtayabeba, na ninyi nyote mkaitikia."

Kwenye simu alisikia mvua ikipiga bati la nyumba ya Mapunda.

"Mhandisi," Mapunda alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ule ulikuwa utani. Yule ni mtani wetu. Ulitaka tumjibuje?"

Nakunda hakukumbuka baadaye jinsi alivyoikata simu ile. Alikumbuka vidole vyake vikiandika amri ya kusitisha, na kiwambo kikimjibu kwa maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe: *Uamuzi huu ni wa wananchi wa Lizombe. Ni wao tu wanaoweza kuubadilisha.* Aliandika tena. Akaingiza alama za siri za Mkurugenzi. Jibu lilikuwa lilelile, la adabu, lisilotetereka.

"Kuna mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia?" Mkurugenzi aliuliza, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Wahandisi wote huacha mlango wa nyuma."

"Mimi sikuacha."

Mkurugenzi hakumkaripia. Alivuta kiti akaketi, akasema taratibu, "Basi nenda ukawakusanye."

*

Kipepeo cha jiji, chombo chepesi cha kuruka chenye viti viwili, kilimshusha Nakunda katikati ya uwanja wa Lizombe. Mvua ilikuwa imepungua. Barabara ya kupanda mlimani ilikuwa imeshajaa watu wenye magodoro vichwani. Lakini Mwenyekiti Mapunda alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaita watu uwanjani, na walikuja. Walisimama kuuzunguka mlingoti, wamelowa. Waliposogea chini yake, kiwambo chake kidogo kikawaka na kuwahesabu. Walikuwa themanini na kitu.

Nakunda aliwaeleza kwa kifupi. Hakujitetea. Sikizi ikauliza kwa sauti yake tulivu, "Je, mnaiondoa ridhaa yenu?"

"Tunaiondoa!" kijana mmoja alipaza sauti. Aliitwa Fidelis Komba, dereva wa mitambo, na mke wake Editha alikuwa amejifungua juzi yake. "Tunaiondoa, tena upesi! Semeni wote!"

Wengine wakaanza kufungua midomo. Bibi Otilia akainua mkono.

"Ngojeni. Mhandisi, tukiiondoa maji yanaenda wapi?"

Nakunda angeweza kudanganya. Alilifikiria jambo hilo, na muda wa kulifikiria ulikuwa mrefu kuliko alivyopenda.

"Idunda," alisema.

"Idunda wanajua?"

"Hawajui. Ving'ora vyao havijalia kwa sababu si wao waliochaguliwa. Hawana mlima upande wao, Bibi. Wana daraja moja tu la kutokea, na limeshafunikwa."

"Wako wangapi kule?"

"Ni mara tatu yenu."

Mwenyekiti Mapunda aliutazama mlingoti, kisha akatazama bonde. Ng'ambo, mapaa ya Idunda yalikuwa yakitoa moshi wa majiko, kama siku yoyote.

"Wao ni wao," Fidelis alisema. "Sisi tuna mlima, sawa, lakini tuna nyumba pia. Nimejenga miaka sita. Mtoto wangu hana hata jina bado. Mimi siku ile sikuwepo barazani, nilikuwa kazini. Nani aliwatuma mkatanie na nyumba yangu?"

Akamgeukia yule muuza maandazi.

"Bibi Otilia, nakuuliza wewe! Ulitania na chako au na changu?"

"Na chako, mwanangu," Bibi Otilia alisema. "Na chako na cha kila mtu. Sikujua kwamba kuna anayepima."

"Basi sema sasa! Sema unaondoa!"

Alifungua mdomo. Nakunda alimwona akiufungua. Kisha akaufunga, akainama, akachukua kapu lake lililokuwa miguuni, akaanza kutembea kuelekea barabara ya mlimani. Hakusema kwa nini.

Baada yake aliondoka mzee mmoja na fimbo yake. Halafu wanawake wawili walioshikana mikono. Halafu familia nzima. Labda wengine waliondoka kwa ajili ya Idunda, na wengine kwa sababu waliyaogopa maji, na wengine kwa sababu tu waliona wenzao wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusema baadaye yeye alikuwa wa kundi lipi. Fidelis aliwakimbilia mmoja mmoja, akiwashika mashati, akiwaita kwa majina ya baba zao. Alikuwa akilia waziwazi. Tarakimu kwenye kiwambo zilishuka mpaka chini ya sitini, na Sikizi ikasema, "Akidi haijatimia. Uamuzi wa kwanza unaendelea. Asanteni kwa ushiriki wenu."

"Fidelis," Nakunda alisema. "Kaka, mkeo yuko wapi?"

Fidelis alimgeukia kama mtu aliyeamshwa. Alikuwa amemwacha Editha ndani, na mshono wake wa upasuaji na mtoto wake, akijua kwamba akifika barazani atalikomesha jambo, kisha atarudi na hakutakuwa na haja ya kumhamisha. Alikimbia.

Maji hayakuja kwa kishindo kama Nakunda alivyotarajia. Yalikuja yakitambaa, ya rangi ya chai ya maziwa, yakaingia uwanjani kutoka pande tatu, na ndani ya dakika chache yalikuwa kiunoni. Rubani alimvuta Nakunda ndani ya kipepeo kwa nguvu. Kutoka juu aliona kuta-hai zimesimama bega kwa bega kama alivyozisanifu, hazijavuja popote. Aliona mapaa ya Lizombe yakizama moja baada ya lingine, na ng'ambo majiko ya Idunda yakiendelea kufuka.

Walikufa watu kumi na wanne. Wengi wao walikuwa wa nyumba za chini kabisa, waliokuja kwanza uwanjani wakitaka kusema neno lao, na wakachelewa kurudi kuchukua wagonjwa na wazee. Mwenyekiti Mapunda alikuwa mmoja wao. Alikwenda kugonga mlango wa mwisho. Fidelis alionekana jioni akipanda mlima huku maji yakimfika kifuani, amebeba beseni la plastiki kichwani, na ndani ya beseni mlikuwa na mtoto. Editha hakuonekana.

*

Wiki mbili baadaye jiji lilitoa taarifa. Ilisema kwamba mitaa ishirini ilikuwa imeokolewa, kwamba maafa yalikuwa madogo kuliko ilivyokisiwa, na kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Ruvuzi uamuzi mgumu ulifanywa na wananchi wenyewe, wakapewa na nafasi ya pili ya kuutafakari. Majiji mengine yalianza kuuliza bei ya Sikizi.

Hapakuwa na sentensi hata moja ya uongo ndani yake. Nakunda aliisoma yote akiitafuta. Kisha akaenda kwa Mkurugenzi akamwambia anaacha kazi, na Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza, "Ukiacha wewe, nani atairekebisha?" Kwa swali hilo akabaki.

Alikwenda kambini mlimani siku ya Jumapili. Watu wa Lizombe walikuwa wamewekwa kwenye mahema kati ya ile misingi ya nyumba ambazo hazikujengwa. Jiji lilikuwa limefikisha maji ya kunywa, mablanketi, daktari, na mlingoti mpya wa Sikizi, ili wahanga waulizwe wanataka nyumba za namna gani. Mlingoti ulikuwa na siku tano pale. Haukuwa umepokea oni hata moja. Watu walipopita karibu nao walinyamaza, na walipofika mbali nao waliendelea kunyamaza. Nakunda alitembea hema kwa hema akiwaamkia wazee, na kila mahali alijibiwa vizuri. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

Fidelis alikuwa ameketi kwenye tofali, mtoto mapajani, akimnywesha maziwa kwa kijiko. Nakunda alichuchumaa mbele yake.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Bado," Fidelis alisema, bila kuinua macho. "Mama yake ndiye aliyetaka kumchagulia."

Kulikuwa na zogo barabarani. Watu wa Idunda walikuwa wakipanda mlima, kama mia hivi, wamebeba magunia ya unga, masufuria, nguo, mbuzi wawili. Mbele yao alitembea Mzee Vitus Kihwele akitweta. Walikuwa wamechelewa kwa sababu daraja lao lilifunguliwa jana yake tu. Watu wa Lizombe walitoka kwenye mahema wakasimama. Bibi Otilia alikuwa mbele, mikono imefungwa kifuani.

Mzee Kihwele alitua gunia. Alimtazama mwanamke yule kwa muda, kidevu kikimcheza, kisha akajikaza, akaukausha uso wake kama inavyotakiwa.

"We mateka," alisema kwa sauti ya juu. "Nani aliwaruhusu mje kukaa mlimani? Mlima ni wa Wahehe. Mwanzo mnakunywa mto wetu wote, sasa mnataka na mlima? Panya wako wapi, tuwapikie?"

Alisubiri. Nyuma yake watu mia wa Idunda walisubiri, nyuso zimekazwa. Wengine macho yao yalikuwa mekundu. Walikuwa wamekuja kutukanwa. Walikuwa wameupanda mlima wote ule ili watukanwe vibaya sana, kwa haki yao.

Bibi Otilia alitupa jicho kwenye mlingoti.

"Karibuni sana, Mzee Kihwele," alisema. "Tunashukuru kwa msaada wenu. Mungu awazidishie."

Nakunda alielewa. Alikwenda mbiombio mpaka chini ya mlingoti, akafungua kifuniko, akang'oa waya wa umeme kwa mkono wake. Kiwambo kikazima. Akarudi akihema, na waya ungali mkononi, ili kila mtu auone.

"Nimeizima, Bibi," alisema. "Haisikii tena. Hakuna anayesikia."

"Nimeona, mwanangu," Bibi Otilia alisema kwa upole. "Ahsante."

Kisha akamgeukia tena Mzee Kihwele. Mzee alikuwa amesogea karibu, na sasa hakuwa akipaza sauti. Alikuwa akiomba.

"Otilia. Sema kitu, mateka wangu. Hata kidogo. Nitacheka mimi kwanza, nakuahidi."

"Shikamoo kwa wazee wote wa Idunda," Bibi Otilia alisema, akiyapanga maneno yake moja moja kama mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi. "Tafadhali ingieni, mpumzike. Chai ipo."

Mzee Kihwele akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamjibu kwa adabu.

"Haya, mama," alisema. "Poleni sana."